Uniti 23.9: stadi ambazo nyumba haiwezi kufundisha peke yake

Ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, umeingia. Mama amelipa 10,000, amepata uniti 23.9. Anamnyooshea simu mwanawe wa kidato cha tatu.

"Hebu nisomee hii, mwanangu. Jirani hapo kalipa kumi kama mimi, kapata ishirini na nane."

"Wamekata kodi ya jengo, mama."

"Kodi shilingi ngapi? Na hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Kijana anapandisha skrini, anaishusha, kisha anarudisha simu.

Huyu anajua kutafuta x kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili. Asilimia alizisoma tangu shule ya msingi. Ujumbe wenyewe umeorodhesha makato yote, moja baada ya jingine. Hakuna kilichokosekana ila mtu wa kumwonyesha, hata mara moja, kwamba hesabu ile ya daftarini ndiyo hii.

Wiki kadhaa sasa jambo hili halinitoki.

Mtoto wetu anajua kufua

Kila mwaka mitandaoni hupita orodha ya "mambo ambayo shule ingepaswa kufundisha": kukaanga yai, kufua, kupiga pasi, kubadili tairi, kujaza fomu za kodi. Nyingi zimeandikwa Ulaya na Marekani, nasi tunazisambaza kama zilivyo.

Lakini mtoto wa darasa la tano huku kwetu, hasa wa kike, hasa wa kijijini, anasonga ugali, anafua sare yake, anachota maji, anambeba mdogo wake mgongoni na anatumwa dukani akirudi na chenji kamili. Ukimwekea kipindi cha kufua atakushangaa. (Wavulana wa mjini wenye dada wa kazi nyumbani ni habari nyingine, na hao wangefaidika sana na beseni na kipande cha sabuni.)

Pengo letu liko kwingine. Mama alifundishwa na mama yake kuwasha mkaa, kuchambua mchele, kumpoza mtoto mwenye homa. Mtungi wa gesi hakufundishwa na mtu; muuzaji alimwelekeza dakika mbili dukani, bodaboda ikiwa inamsubiri. Mita ya LUKU ilifungwa na fundi akaondoka. Mkopo wa kwenye simu alijifunza kwa kudaiwa.

Nyumba hufundisha kile ilichorithi. Kilichoingia juzi kinawakuta mzazi na mtoto wote wageni, na hapo ndipo naona kazi ya shule ya umma. Kazi za mikono kwa ujumla sizisemi hapa. Nasemea vitu vipya ambavyo kosa lake ni ghali au linaunguza.

Somo lipo, lakini linapakwa penseli

Mtu atauliza: si tuna Stadi za Kazi? Tunalo. Kwenye mtihani wa darasa la saba limeunganishwa na Maarifa ya Jamii kuwa karatasi moja, na maswali mengi ni ya kuchagua herufi na kuipaka weusi. Mtoto anaulizwa kipi kati ya vifuatavyo ni kifaa cha kushonea. Anapaka C. Amefaulu stadi.

Mwalimu simlaumu. Mwenye watoto wengi, bila kifaa, na mtihani wa kupaka herufi mbele yake, atafundisha kupaka herufi. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Tumewahi kujaribu njia nyingine. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza: wanafunzi wapange, waone matokeo, washiriki kuamua mapato yatumikeje. Waulize watu wazima leo wanakumbuka nini. Wengi watakuambia jembe, kufyeka majani, kuchota maji ya mwalimu, na adhabu. Jasho la andiko lile lilibaki shuleni, ila daftari la mapato na matumizi halikuonekana.

Ndiyo maana neno "vitendo" likitajwa kwenye kikao cha wazazi, baadhi yao hukunja uso. Wana haki yao.

Mkondo wa amali hautoshi

Januari 2024 mtaala mpya ulianza, ukifuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na huu wa pili ndio uliopata makofi mengi. Ni haki yake. Nchi inahitaji mafundi umeme na mafundi bomba waliosoma.

Ila fundi umeme ni mmoja, na mita iko kila nyumba. Binti anayechukua mkondo wa jumla akawa mhasibu atanunua umeme, atapika kwa gesi, atampa mtoto dawa ya kuhara. Karakana ya amali haimfikii. Nikisoma mijadala ya mtaala naona tunachanganya haya mawili, ufundi wa kuajiriwa na ujuzi wa kuendesha nyumba, kisha tunadhani la kwanza likijengwa la pili limepatikana.

Tuanze na ule ujumbe

Chukua kipindi kimoja cha Hisabati cha sekondari, mada ya asilimia. Vifaa ni nakala tatu za ujumbe halisi wa LUKU, namba ya mita na tokeni zikiwa zimefutwa kwa wino mweusi. Tuseme ni za mwaka 2024.

Nyumba ya kawaida, kundi T1, ililipa 292 kwa uniti. Juu yake kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na tozo ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1. Jumla 22. Kwa hiyo uniti moja mkononi mwa mnunuzi ni 292 × 1.22, yaani 356.24.

Manunuzi ya kwanza ya mwezi yalikatwa kodi ya jengo 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Zinabaki 8,500. Gawanya kwa 356.24: uniti 23.86. Huyo ni mama yetu.

Jirani alikuwa ameshanunua mwezi huo, kodi ikakatwa mara ile ya kwanza. Safari hii 10,000 yake yote ikaenda kwenye umeme: uniti 28.07. Hakupendelewa.

Ujumbe wa tatu ndio unaoliamsha darasa. Nyumba ya matumizi madogo, kundi D1, ililipa 100 kwa uniti; ukiweka na makato inakuwa 122. Shilingi 8,500 zilezile zinaleta uniti 69.67. Hapo mikono yote iko juu: kwa nini sisi tusiwe huko? Basi wape sharti lake. Kundi hilo lilikuwa la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na ukizivuka, kila uniti ya ziada ilikuwa 350 kabla ya makato.

Sasa makosa, maana somo lenyewe liko humo.

Kosa kubwa ni kutoa asilimia 22 kwenye fedha iliyolipwa. Mwanafunzi anachukua 8,500, anatoa 1,870, anabaki na 6,630, anagawanya kwa 292 na kupata 22.7. Amekaribia, na hilo ndilo linalompumbaza. Makato yamewekwa juu ya bei ya umeme, hayakukatwa kwenye noti uliyotoa. Kwa hiyo unagawanya kwa 1.22, huzidishi kwa 0.78. Hesabu hiihii ndiyo inayowashinda wafanyabiashara wengi wanaojaribu kutoa VAT kwenye bei ya rafu. Mwache mwanafunzi alinganishe jibu lake na lililoandikwa kwenye ujumbe. Tofauti ya uniti moja na kitu itamsumbua kuliko alama ya X ya mwalimu kwenye daftari.

Kosa la pili ni kugawanya kwanza, kisha kutafuta namna ya kutoa 1,500 kwenye uniti.

Kipindi kinachofuata ni matumizi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo saa moja ni uniti moja. Birika la wati 2,000 kwa dakika sita ni 0.2. Taa ya wati 9 ikiwashwa saa tano kila usiku huchukua siku 22 kumaliza uniti moja. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo anajua ugomvi wa nyumbani uelekezwe wapi, na si kwenye taa ya varanda.

Mtungi bila moto

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mitungi inaingia majumbani kwa kasi kuliko maelekezo yake.

Shule inaogopa gesi, na inaogopa kwa haki. Lakini karibu kila hatua muhimu inafundishika bila moto wala gesi. Unahitaji regulata, mita moja ya mpira wa gesi, vibano viwili, pampu ya baiskeli, na povu la sabuni. Tengeneza tundu la sindano kwenye mpira, ziba ncha moja, pampu upande wa pili, mtoto apake povu taratibu kuanzia kwenye kibano. Viputo vinavimba pale penye tundu. Ameona uvujaji kwa macho yake.

Wengine bado wanatafuta uvujaji kwa kiberiti. Ndiyo, hadi leo.

Ukiwa na mtungi, hata ulioitwa mtupu, utumie nje tu na mbali na moto, kwa sababu ndani bado kuna mvuke wa gesi. Juu yake uzito wa chuma umegongwa. Mtoto ausome, ajumlishe kilo 6 za gesi kama ni mtungi wa kilo 6, ajue mzani wa duka ungesoma ngapi kama mtungi umejaa. Kisha mpangilio wa kuwasha: kiberiti kwanza, gesi baadaye. Aliyefungua gesi kisha akaanza kutafuta kiberiti amekwisha kuijaza meza.

Harufu ikisikika: funga mtungi, fungua milango, toa watu, usiguse swichi yoyote. Hata kuzima taa kunatoa cheche. Na hapa Sayansi inapata nafasi yake, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inatambaa sakafuni. Dirisha la juu halitoshi, mlango ndio unaoitoa. Kulaza mtungi ili "umalizike vizuri" nako kunasukuma gesi ya majimaji kwenye regulata iliyotengenezwa kupitisha mvuke. Ndipo mwali unaporuka ghafla.

Kijiko kilichosawazishwa

Mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa anayeharisha uko kwenye vitabu vyetu miaka mingi: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Watoto wanaukariri. Kisha mpe mtoto kijiko na sukari umtazame.

Anachota kilima.

Vijiko ni vya kusawazisha, kwa mgongo wa kisu au ukingo wa rula. Chumvi: jaza kijiko, sawazisha, mwaga kwenye karatasi, gawa mafungu mawili, tumia moja. Lita moja ni chupa mbili za maji za nusu lita. Anayetumia chupa ya lita moja na nusu bila kubadili vipimo amezimua. Onja kabla ya kumpa mgonjwa: ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya. Mchanganyiko ukizidi saa 24, mwaga.

Pakiti ya zahanati ni bora kuliko huu wa nyumbani, na inaharibiwa kwa namna moja inayojirudia: kumimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja ili mtoto "amalize haraka". Inakuwa kali na inaweza kumdhuru. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa, pima, changanya yote. Na mtoto akiwa na macho yaliyozama, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, hapo si suala la kijiko tena, ni safari ya hospitali.

Simu bila simu

Wanafunzi wa shule za umma hawaruhusiwi simu, na wengi husema basi utapeli wa simu haufundishiki. Unafundishika kwenye karatasi. Chapisha ujumbe halisi, kuanzia ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", changanya na ujumbe wa kweli wa miamala, waambie wautenge kwa sababu, si kwa kubahatisha. Namba ya tapeli hutumwa 15040. Kuangalia laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako ni *106#. Dakika thelathini zinatosha.

Mikopo ya mtandaoni inataka zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu iliorodhesha programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo hatuzungumzii wachache. Wape hesabu hii: umekopa 50,000, zimeingia 42,500, unarudisha 50,000 baada ya siku 14. Wengi watasema riba ni asilimia 15. Lakini ulichopokea ni 42,500, hivyo 7,500 ni asilimia 17.6 yake, kwa wiki mbili. Mwaka una wiki mbili-mbili 26. Waache wazidishe wenyewe.

Watoto themanini, dakika arobaini

Hapa ndipo mipango mingi mizuri inapofia. Utampimaje kila mtoto kwa vitendo?

Huwezi kuwapima wote siku moja, na huna haja. Kwenye kila kipindi cha wiki, wanane wanapimwa, wengine wanaendelea na maswali ya daftarini. Dakika nne kwa kila mmoja ni 32, zinabaki nane za kupanga na kufunga. Darasa la themanini linaisha kwa vipindi kumi.

Karatasi ya kupimia iwe na mistari mitano, majibu mawili: *ndiyo* au *bado*. Mstari mmoja kati yake ni wa kuangusha. Kwenye gesi, aliyefungua kabla ya kuwasha kiberiti ni *bado*, hata kama mingine minne ameipata. Kwenye kijiko, kilima. Ukitoa alama za wastani hapo, umemfaulisha mtu atakayeunguza jiko kwa asilimia 80.

Waliofaulu wanakuwa wasaidizi wa wanaofuata. Wana macho makali kuliko mwalimu, na hawana huruma.

Halafu vifaa visiombwe nyumbani. Kenya imetuonyesha hili mara mbili. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikuja na useremala, Sayansi Kimu na kazi za mikono, na mzigo wa vifaa ukawaelemea wazazi na shule zisizo na karakana. Kisha mtaala wa umilisi ulipoenea, malalamiko yaliyosikika kila kona yalikuwa ya wazazi wanaokesha kutengeneza kazi ya mtoto ya kesho asubuhi. Kila kitu kifanyike darasani, kwa sanduku moja la shule: vijiko, chupa tupu, rula, sukari, chumvi, sabuni, regulata, kipande cha mpira na vibano vyake, pampu ya kuazima kwa fundi baiskeli, nakala za ujumbe. Hakuna cha kuzidi hapo.

Pale ninapokwama

Nimezunguka sana kwenye swali moja. Stadi hizi zikiingia kwenye alama, zitageuka karatasi. Mwalimu atajaza *ndiyo* themanini jioni moja kabla ya mkaguzi. Zisipoingia, zitakufa, kwa sababu kisichotahiniwa hakifundishwi na kila mwalimu mkuu anajua hivyo.

Kwa muda niliegemea kudai somo jipya lenye mtihani wake. Niliachana na wazo hilo nilipoona hatima ya Stadi za Kazi.

Ninakoelekea sasa ni kugawa. Hesabu iende kwenye mtihani wa Hisabati kama ilivyo: weka ujumbe wa LUKU kwenye karatasi, uliza uniti. Uzito wa gesi uende kwenye Sayansi. Walimu watafundisha kwa sababu swali litakuja. Vitendo vyenyewe viandikwe kwenye kadi ya mwanafunzi bila kuongeza wala kupunguza alama, ili asiwepo mwenye sababu ya kudanganya. Kadi bila alama itapuuzwa kwenye shule fulani, najua. Naona afadhali ipuuzwe kwa uwazi kuliko ijazwe kwa uongo.

Na kuna kuchakaa. Bajeti husomwa Juni, sheria ya fedha inaanza Julai, na viwango vinaweza kubadilika: kodi ya jengo iliyokatwa kwenye LUKU ilianza kwa 1,000 kwa mwezi mwaka 2021, ikawa 1,500 mwaka 2023. Kitabu kilichochapishwa na bei kitakuwa cha uongo baada ya mwaka. Kwa hiyo bei zisiingie kitabuni kabisa. Kitabu kiweke njia ya hesabu, na nakala za ujumbe zibadilishwe kila Agosti, tarehe ikiandikwa juu. Kazi hiyo apewe mwalimu mmoja kwa jina, kwenye ratiba ile ile inayotaja nani ana zamu ya wiki.